Alama Chini ya Chokaa

Sehemu ya tisa

Wiki nzima mmenisimamisha njiani. Mwingine kanifuata hadi kwa kinyozi, nusu ya kichwa changu imenyolewa, nusu bado, ananiuliza: "Alimkamata? Wewe sema tu, alimkamata?" Sikumjibu. Leo namjibu.

Alimkamata.

Alimkamata sebuleni kwa wifi yake, saa nne asubuhi, brashi mkono wa kulia, na mkono wa kushoto bakuli la majani ya chai yaliyochemshwa na kukorogwa na udongo. Ukutani, juu ya chokaa nyeupe pee, mstari wa kahawia ulikuwa umeshazunguka nusu ya chumba. Ulikuwa mstari mzuri. Mama Chokaa amepaka rangi nyumba za watu kwa miaka ishirini, hata uongo akiupaka unanyooka.

"Endelea," alisema Bwana Tepu, mkaguzi wa ruzuku, amesimama mlangoni na faili kwapani. "Umebakiza upande wa kushoto."

Brashi ikamponyoka.

Kwa wewe uliyelichukua gazeti hili leo ili ufungie kitu, ukajikuta unasoma, ngoja nikueleze haraka. Miezi minne iliyopita mafuriko yaliuzamisha mtaa wa bondeni, nyumba kumi na saba. Serikali ikatangaza ruzuku ya kuwasaidia watu wajenge upya. Masharti yalijaza kurasa kumi na mbili, lakini yote yaliishia mahali pamoja: alama ya maji ukutani. Alama ikipita kiuno cha mtu mzima, nyumba inajengwa upya. Ikiwa chini ya kiuno, inakarabatiwa. Kama hakuna alama, mkaguzi anaandika "haikuathirika," anafunga faili, anakwenda zake.

Sasa sikilizeni kosa la watu wetu. Gari la matangazo lilipita likitangaza kwamba wageni wa serikali watakuja kukagua kila nyumba na kila chumba. Wageni! Mwambie mtu wa mtaa ule kwamba mgeni anakuja, ataazima hata kapeti. Wakafagia. Wakasugua kuta kwa sabuni ya unga mpaka mikono ikachubuka. Kisha wakapaka chokaa ndani na nje, chokaa ya bure, magunia manane ambayo Mama Chokaa alikuwa ameyahifadhi darini kwake.

Wageni walikuta mtaa unang'aa. Wakasifu usafi. Wakaandika "haikuathirika" mara kumi na saba.

Tangu siku hiyo Mama Chokaa ndiye mchawi wa mtaa. Akipita, watu wanageuza shingo. Rufaa ilikuwa moja tu, mwisho wake leo Ijumaa saa tisa alasiri, na mkaguzi alitakiwa kufika saa nane. Mtu wa serikali kuwahi kazini! Nani angelifikiria hilo?

Basi turudi sebuleni.

"Mkaguzi, nisikilize kidogo."

"Nakusikiliza." Alikuwa ameshatoa kalamu. "Hiki ulichofanya kinaitwa udanganyifu. Nikiliandika hilo neno hapa, rufaa ya mtaa mzima inafutwa. Si nyumba hii peke yake. Zote."

"Ni mimi tu! Wenzangu hawajui lolote!"

"Fomu haina sehemu ya kuandika 'ni mimi tu.'"

Wifi mtu akatokea jikoni akijifuta mikono. Huyu ni mjane wa kaka yake Mama Chokaa, mwanamke mwembamba wa maneno machache, ambaye ukuta wa nyuma wa nyumba yake unashikiliwa na magogo mawili. Mvua mbili kubwa zikija, ule ukuta unakwenda chini, naye hana pengine pa kwenda. Ni kwa ajili yake Mama Chokaa alianzia nyumba hii na si yake mwenyewe.

Akautazama mstari wa kahawia. Akamtazama mkaguzi.

"Umefanya nini tena, wifi?"

Hilo "tena" lilimchoma Mama Chokaa kuliko kalamu ya serikali.

"Maji yalifika hapa, mkaguzi," alisema. "Hapahapa. Nimechora kitu cha kweli."

"Umechora. Hilo ndilo tatizo."

Mimi nawauliza ninyi mnaosoma: mtu akighushi ukweli, tumfunge au tumpe mkono? Sina jibu, na waliotunga kurasa kumi na mbili hawakuwa nalo pia.

"Basi niruhusu nikwangue," Mama Chokaa akasema. "Chokaa ni nguo tu, mkaguzi. Mwili uko chini."

Bwana Tepu akatazama saa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, viatu vimeliwa kisigino, na kila nyumba aliyoingia alikaribishwa kwa machozi.

"Dakika kumi."

Mama Chokaa akachomoa kisu chake cha kukwangulia rangi, akaushambulia ukuta wa sebule. Chokaa ikaruka. Chini yake kukatokea plasta safi isiyo na doa. Akahamia ukuta wa pili. Plasta safi. Sabuni ya unga ilikuwa imefanya kazi yake, Mungu ailaani.

"Dakika nne," alisema Bwana Tepu.

Hapo ndipo jicho la fundi lilipoangukia mlango wa chumbani uliokuwa wazi. Ndani, chokaa ya ukuta ulio nyuma ya mlango ilikuwa nene ajabu, imechuruzika, imepakwa mara tatu au nne kwa mkono usiojua brashi.

"Huko nani alipaka?"

"Mimi," wifi akajibu. "Kwa nini?"

"Uliusugua kwanza?"

Wifi alikwenda akasimama mlangoni, mikono imeshika miimo miwili.

"Chumbani kwangu haingii mtu. Mume wangu alitoka chumba hiki akaenda kufa. Mniheshimu."

"Wifi, nyumba inakwenda!"

"Iende."

Iende! Mwanamke aliyekuwa akilala jicho moja wazi, akisikiliza magogo yakilia, leo anasema iende! Bwana Tepu, aliyekuwa ameanza kuandika, akainua uso. Miaka ya kudanganywa ilikuwa imempa pua.

"Mama," alisema kwa upole, "mkaguzi ana haki ya kuingia kila chumba. Ni sharti la ruzuku."

Mikono ya wifi ikashuka polepole.

Mama Chokaa akaingia na kisu chake. Akakwangua mara moja, kukatokea vumbi. Mara ya pili, vumbi. Mara ya tatu ncha ya kisu ikanasa. Akakwangua taratibu, akapuliza, akaona mkwaruzo. Mstari mfupi uliochimbwa kwa msumari, umelala sawasawa. Juu yake kulikuwa na mwingine, na mwingine juu ya huo, unapanda hadi usawa wa paji lake la uso.

"Tepu! Mkaguzi, lete tepu!"

Bwana Tepu akapima kutoka sakafuni hadi mkwaruzo wa juu kabisa.

"Mita moja na sentimita sitini na mbili."

Mama Chokaa akapiga kigelegele, kisha akalia, kisha akacheka. "Nyumba mpya! Wifi, nyumba mpya!"

Wifi alikuwa amekaa kitandani, uso umempauka.

"Hongera," alisema Bwana Tepu kwa ubaridi. "Na hizi ulizichora lini?"

Furaha ikakatika kama umeme.

"Mimi?"

"Nimekukuta na brashi. Nitaaminije kwamba jana hukuja na msumari?"

Hapo sasa alikuwa amemgusa fundi pabaya. Mama Chokaa alimshika mkaguzi wa serikali mkono kama anamshika mwanafunzi, akamsogeza ukutani.

"Tumia ncha ya kalamu yako. Mkwaruzo ukija baada ya chokaa, unaikata chokaa, unaziona kingo zake zimevunjika. Huu chokaa imejaa ndani. Chimba. Chimba tu! Unaona? Chokaa iliukuta mkwaruzo hapa. Mimi nimekudanganya, sawa. Ukuta haujakudanganya."

Bwana Tepu akachimba. Akatoa unga mweupe kwenye mkwaruzo, akausugua vidoleni.

"Ni kweli," alisema. "Lakini hii itaokoa nyumba moja."

"Zote!" Mama Chokaa akaukimbilia mfuko wake wa kazi, akatoa mpira mrefu, ule mwembamba unaoonyesha maji yaliyo ndani, ambao mafundi huutumia kuhamisha usawa kutoka ukuta hadi ukuta. "Maji hayana kilima, mkaguzi. Kama yalifika hapa, yalifika usawa huohuo mtaa mzima. Nipe alama hii moja, nitakupimia nyumba kumi na saba mbele ya macho yako, na saa tisa haijafika."

Bwana Tepu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu riwaya hii ianze. Aliwahi kuwa saidia fundi kabla ya kuvaa tai.

"Sharti linaruhusu," alisema. "Tafuta mtu ashike ncha ya pili."

Nje watu walikuwa wameshajaa. Jambo la chini ya paa moja mtaani kwetu ni la mapaa yote. Aliyejitokeza kushika ncha alikuwa mwokaji mikate, jirani wa ukuta kwa ukuta, baba aliyezika kwa siku moja watoto wawili waliozama katika yale mafuriko. Kwa miezi hakuwa amemsemesha Mama Chokaa. Leo aliupokea mpira dirishani, akauliza:

"Fundi, nishike wapi?"

Fundi! Mama Chokaa aligeuza uso haraka ili mwokaji asimwone analia.

"Kitu kimoja bado," alisema Bwana Tepu. "Fomu inataka kujua alama zilichorwa na nani na lini. Mwenye nyumba athibitishe, atie sahihi, tumemaliza. Naona kuna maandishi pembeni."

Akainama, akapuliza chokaa, akasoma kwa sauti.

"Jumapili, saa tisa. Jumapili, saa kumi. Jumapili, saa kumi na moja..."

Mama Chokaa alikuwa akisoma naye, begani kwake. Pembeni ya kila saa kulikuwa na kialama kidogo, mkia uliopinda kama ndoano.

Aliijua ile ndoano.

Kaka yake alikuwa mlinzi wa lango la mfereji, lile lango la chuma linalofunguliwa maji yakizidi ili yakimbilie mashambani yasije mtaani. Kila saa alichora usawa wa maji kwenye nguzo ya lango: mstari, siku, saa, na ndoano. Miaka kumi na tatu, kila saa. Mtaa mzima unajua alivyokufa. Jumapili ile ya mafuriko, saa nane mchana, kwa maneno ya mkewe, alichukua ufunguo akaliendea lango, na kabla hajalifungua maji yakamchukua. Mwili haukuonekana. Walizika shati lake. Juu ya lango, kwa rangi nyeupe isiyochuja, Mama Chokaa mwenyewe aliandika: HAPA ALIKUFA SHUJAA WETU.

Na sasa shujaa, saa moja baada ya kufa, alikuwa chumbani kwake akipima maji.

"Jumatatu, saa moja," Bwana Tepu aliendelea kusoma, hajui anachokisoma. "Jumatatu, saa sita. Na huu wa chini hapa: Jumanne, saa mbili asubuhi, yanashuka. Kazi safi sana hii. Nani huyu?"

Kisha jambo la pili likamjia Mama Chokaa, na hili lilikuwa chungu kuliko la kwanza. Alikumbuka siku ya gari la matangazo. Alikumbuka nani alikuja kwake wa kwanza, gari halijakata hata kona, na ndoo mkononi: "Wifi, nigawie chokaa kidogo, wageni watapita kila chumba." Majirani walipoona nyumba ya mjane imetakata ndipo nao wakaja na ndoo zao. Miezi yote hii ametengwa, ametemewa mate, na mwenye kosa anapika naye jiko moja, anamtazama, anamwambia "umefanya nini tena."

"Wifi," alisema taratibu. "Nani kaandika hapa?"

"Mimi," wifi akasema.

"Wewe?"

"Nilichora mimi. Nilikuwa peke yangu. Andika hivyo, mkaguzi."

Bwana Tepu akafungua faili, akatoa fomu ya kwanza, akaigeuza waione wote. Chini, mahali pa sahihi, palikuwa na dole gumba la wino wa zambarau.

"Mama, wewe hujui kuandika."

Wifi akafumba macho.

"Siwezi kupeleka alama isiyo na mwenyewe," Bwana Tepu akasema, na sasa hata yeye alikuwa amenusa kwamba kuna kitu. "Nikiacha wazi, wakubwa wataitupa. Sema ni za nani, na ni za kweli, mtaa unapata. Ukisema hujui, mimi nafunga faili. Sina njia ya tatu."

Nje mtu akapiga kelele: "Vipi huko? Tupime au tusipime?"

Mama Chokaa alipiga magoti mbele ya kitanda. Mnadhani alikuwa na huruma? Alikuwa na hasira ya kumtosha kuua. Lakini alikuwa anamlilia kaka yake kwa mara ya pili, na safari hii alikuwa hata hajui analilia nini.

"Sema hujui," alinong'ona. "Wifi, nakuomba. Sema hujui, tutatafuta magogo mengine. Mwache afe vizuri."

Wifi akamtazama kwa muda mrefu. Kutoka ukuta wa nyuma ulisikika ule mlio wao wa kila siku, gogo linajikuna kwenye tofali.

"Wewe umechoka kutemewa mate," alisema. "Mimi nimechoka kuitwa mke wa shujaa. Mkaguzi, andika."

"Naandika."

"Ni za mume wangu, na ni za kweli. Jumapili hakutoka humu ndani. Maji yalipoingia tulipanda juu ya kenchi, kwenye mbao za paa, tukakaa huko hadi Jumanne. Kila saa alikuwa anashuka na msumari wake. Nikamwambia acha, unamwandikia nani? Akasema ni kazi yake."

"Kisha?"

"Maji yaliposhuka akachungulia dirishani, akaona wanavyobeba watoto wa watu waliozama. Akatoka kwa mlango wa nyuma. Akaniambia, sema nimekufa. Nikasema."

"Yuko hai?" Sauti ya Mama Chokaa haikufanana na sauti yake.

"Sijui. Wallahi sijui, wifi. Sijamwona tena."

Bwana Tepu alikuwa ameacha kuandika. Alisogeza fomu na kidau cha wino, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake na hakuona nyingine ya kufanya. Wifi akachovya dole, akalikandamiza kwenye karatasi. Kwa dole hilo nyumba kumi na saba zilipatikana, na hakuna aliyepiga kigelegele.

"Lakini kwa nini?" Mama Chokaa alisimama, akamshika wifi yake mabega, akamtikisa. "Kaka yangu hakuwa mwoga! Miaka kumi na tatu hakuwahi kukosa lango! Mvua ilikuwa imeanza, alijua, alikuwa na ufunguo mkononi! Kwa nini hakwenda kulifungua?"

Wifi hakujitetea. Alimwacha amtikise mpaka alipochoka.

"Hakuwa na ufunguo. Aliutafuta nyumba nzima. Alilia kama mtoto, wifi, akinibembeleza nimwambie ulipo. Nikasema akienda hatarudi, na mimi nina yeye tu." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nimeukalia mimi. Hapa hapa kitandani. Nilikaa juu yake mpaka maji yakanifika kwenye magoti."

Sakafuni pakasikika maji yakimwagika.

Wakageuka. Mpira wa kupimia ulikuwa umeanguka ndani kutoka dirishani, unajimimina kwenye vipande vya chokaa. Dirisha aliposimama mwokaji lilikuwa tupu. Hatua nzito zilisikika zikizunguka nyumba, hazikimbii, zikapanda ngazi ya mbele.

Mwokaji mikate akaingia chumbani. Hakumtazama mkaguzi wala Mama Chokaa. Alirudishia mlango taratibu nyuma yake, kisha akasukuma komeo.